Kompyuta Yako Inakwama, Melki

Izia, Jumapili baada ya misa

Mwanangu Melki,

Nimekaa kwenye kigoda cha jikoni, karatasi nimeiweka juu ya sinia, maana meza yote imechukuliwa na kompyuta yako. Usicheke. Mwandiko wangu unaujua. Niliishia darasa la nne, na hayo manne yenyewe mwalimu alikuwa anatupeleka zaidi shambani kwake kuliko ubaoni. Mdogo wako Skola amesema nimtajie maneno yeye aandike. Nimekataa. Mtoto ni wangu, barua ni yangu, hata makosa nayo yawe yangu.

Sijui barua ya hivi inafikaje. Padri anasema ninyi mnatuona. Kama unaona, basi mengine unayajua tayari, nivumilie tu. Mama akianza kueleza lazima aanzie mwanzo.

Tangu tukuzike, shamba limekwenda vizuri. Niliwahi kuinua matuta ya ntumba kabla mvua hazijakatika mwaka jana, majani yakaoza vizuri ndani ya yale matuta, na sasa mahindi yamebeba mpaka mabua mengine yanaegemeana. Maharage tumeshavuna ya kwanza. Baridi ni ileile. Kifua changu kimepona kabisa, hilo nataka ulijue kwanza kabla ya yote. Nalima, nabeba maji, na jana nimeimba. Nitakwambia kwa nini.

Chumba chako cha gemu pale Milanzi bado kina kufuli. Vijana wako wakikutana nami sokoni wananiamkia vizuri, shikamoo mama, halafu wanasimama hawaondoki. Mmoja akaniuliza, "Mama, lile basi la kwenye gemu litatembea lini?" Nikamwambia hivi karibuni. Nilisema tu, sikuwa najua lolote.

Maana kompyuta yenyewe ililetwa hapa Izia siku ileile tuliyotoka makaburini. Wenzako waliibeba kama wanabeba mgonjwa, mmoja mbele, mmoja nyuma, wanaambizana polepole, polepole. Nikaiweka sebuleni kwenye kona, nikaisukuma mpaka ukutani isije ikaangushwa. Halafu nikaifunika. Unanijua. Nyumba hii hakuna kitu cha heshima kinachokaa wazi: redio ina kitambaa chake, makochi yana vitambaa, chupa ya chai ina kofia. Ya kwako nikaitolea kile kikubwa cheupe chenye maua pembeni, nilichokifuma nikingoja siku utakayoniletea mkwe. Nikasema kama mkwe hakuwahi, kitambaa kisikae bure sandukuni. Na kwa sababu upepo wa huku hauna huruma, nikaongeza khanga mbili juu yake, nikazichomekea chini vizuri kama nilivyokuwa nikikuchomekea blanketi ulipokuwa mdogo.

Ikakaa hivyo. Hakuna aliyeigusa.

Sasa baba yako mdogo Ozwald akaja. Alikuja kwa wema, nisimseme vibaya. Tangu aache malori hana pa kupeleka mikono, anazunguka kwa ndugu akitengeneza mambo ya watu. Alikaa, akanywa chai, akaangalia ile kona. "Shemeji," akasema, "hiyo mashine inaoza hapo. Kijana wangu kule Mbeya kazi yake ni hizo. Ataifungua, atatoa vinavyofaa, vingine atupe. Kitakachopatikana kimsaidie Skola." Niliposikia ataifungua, Melki, mwili ulinisisimka. Niliona tumbo lako wazi na mikono ya watu ndani. Nikasema haiendi popote. Akaniuliza, kwa upole kabisa, "Kwani inafanya kazi?"

Skola akainuka, akaingiza mkono chini ya khanga akaiwasha. Ikawaka! Moyo wangu ukapiga makofi. Akafungua lile gemu lenu la mabasi, lile la barabara ambazo vijana wamezitengeneza zifanane na zetu. Basi likatoka stendi. Likaenda kidogo, likasimama. Likaruka mbele kama limechomwa sindano, likasimama tena. Skola anakanyaga, basi linawaza. Baba yako mdogo akacheka mpaka kofia ikaanguka. "Hili limewekewa mafuta ya taa! Shemeji, mimi nimeendesha maisha yangu yote. Gari lisilotembea ni chuma cha kupima kwenye mizani, hata ulipambe."

Nikamwambia, Shabani anakuja Jumamosi. Shabani wako wa Kipili, fundi wa injini za maboti, uliyekuwa ukiendesha naye mabasi kila jioni, yeye akiwa huko ziwani na wewe Milanzi. Hakuwahi mazishi, ikawa inamkaa moyoni, akapiga simu kwamba anapanda kuja kutuhani, na angependa akae mahali ulipokaa, aendeshe safari moja kwenye mashine yako. Nilishamkubalia.

"Basi na mimi nitakuja Jumamosi," akasema baba yako mdogo. "Likitembea kama basi, mashine ibaki kwa Skola, chumba kifunguliwe, sitatia neno. Likitembea hivi, naondoka nayo. Tumekubaliana?"

Nikasema tumekubaliana. Ulisema mdomo tu. Unajua Skola hana kingine. Alichojua amekijua kwako, kuchapa barua za watu, kusafisha picha, kusimamia vijana wasipigane kwenye zamu. Kompyuta ikienda Mbeya, chumba kimekwisha, na wewe umekwisha mara ya pili. Nikasema hapana. Mara moja imetosha.

Tukaanza na fundi wa mjini. Kijana mpole, akaja mpaka nyumbani. Akabonyeza, akatazama, akanyoosha kidole kwenye zile namba ndogo ulizoziacha kwenye pembe ya kioo, akasema joto hili si zuri. Halafu akasema, "Mama, prosesa imechoka. Huo ndio ubongo wake." Nikamuuliza, imechoka na nini, mbona haijafanya kazi tangu msiba? Akatabasamu. Akasema tubadilishe prosesa, tubadilishe na ile kumbukumbu yake, tufute vilivyomo vyote tupange upya, tumalize kazi kwa mpigo.

Hapo ndipo nilipokusikia. Nakuapia nilikusikia kama uko mlangoni. Ile siku redio yangu ilipokuwa inakoroma na mimi nimebadilisha betri, nimeivuta antena, nimeipiga na kofi, vyote pamoja, ukaniambia, "Mama, kimoja kimoja. Ukibadili viwili kwa mpigo hutajua kipi kilikuwa mgonjwa." Nikamshukuru yule kijana, nikamfungia mahindi ya kuchoma, nikamwambia ngoja kwanza sisi tujaribu. Skola akaniangalia. "Sisi nani, mama?" Nikamwambia mimi na wewe, kwani hapa kuna nani mwingine.

Kimoja kimoja basi. Skola akaanza na virusi. Akaipekua yote, ikachukua muda mpaka nikamaliza kupukuchua ndoo nzima ya maharage. Hakuna kirusi. Tukahamia kwenye zile namba za pembeni. Nikavuta kigoda, nikakaa mbele ya kioo, kazi yangu ikawa kuzisoma kwa sauti huku Skola anaendesha. Basi likiwa limesimama stendi, namba iko chini. Likiingia mjini penye magari mengi na watu, namba inapanda, inapanda, ikipita tisini tu, basi linaanza kujikwaa. Tukarudia, ikawa hivyohivyo. Skola akasema, "Mama, ikipata joto sana inajipunguza yenyewe isiungue. Siyo kwamba imekufa." Nikaelewa mara moja. Mimi nikipanda kutoka mtoni na ndoo kichwani, nikihema sana napunguza hatua, siyo kwamba miguu imevunjika. Nikamuuliza, sasa joto hilo linatoka wapi, Sumbawanga hii ya kuvaa masweta mawili?

Skola akaangalia kitambaa. Akaniangalia mimi. Akaangalia tena kitambaa.

Nikasema, hapana. Nikasema kitambaa chenyewe kina matundu, ni uzi tu. Nikasema khanga ni nyepesi. Yeye akanipisha tu, mtoto ana adabu. Nikaingiza mkono chini ya zile khanga, Melki, kulikuwa na moto kama chini ya kuku anayeatamia.

Nilikuwa nakukinga baridi. Basi. Sikuwa na jingine.

Nikazitoa. Khanga ya kwanza, ya pili, kisha kitambaa chenyewe nikakikunja polepole nikakirudisha sandukuni. Nilijiona kama nakufunua mbele za watu. Ikabidi nikae kidogo. Skola akaivuta kutoka ukutani, ikapata nafasi nyuma, tukajaribu. Namba ikashuka kiasi. Basi likafika mbali zaidi kidogo, halafu yaleyale, kujikwaa.

Siku ya pili yake, nilipotoka shamba, tukaifungua ubavu. Sikutaka kutazama, nikatazama. Unajua tulichokikuta? Unga! Unga wa mahindi, mwanangu. Ile mashine ya kusaga jirani na chumba chako, ukuta mmoja, miaka yote hiyo imekuwa inakupulizia unga na feni ya kompyuta inauvuta. Ukaingia na unyevu wa masika, ukagandamana katikati ya vile vibati vyembamba vilivyo juu ya prosesa, mgumu, wa kahawia, kama ukoko wa ugali chini ya sufuria. Mimi ukoko naujua. Nikaenda kuchukua kitambaa na maji ya vuguvugu. Nusura Skola azimie. "Mama! Maji hapana! Mama weka chini!" Nimepiga kelele na mimi, sijui kwa nini, nikaliacha beseni kama limeniuma.

Basi tukatumia burashi ya rangi, ile uliyopakia milango, na pampu ya baiskeli ya baba yako. Skola ameishika feni kwa kidole isizunguke hovyo, mimi napampu. Unga unatoka kama tuko mashineni kweli. Tukapiga chafya, tukawa weupe kope na nywele. Skola akasema, "Mama, unafanana na bibi." Nikamwambia pampu yako hii hapa, endelea wewe, bibi amechoka. Nyuzi zote tukazirudisha, ubavu tukaufunga, nikafanya ishara ya msalaba juu yake, Skola akawasha.

Namba ikakaa sitini. Basi liko mjini, magari kila upande, namba sitini! Nikapiga kigelegele. Halafu nikaangalia kioo, na Skola alikuwa ameacha usukani.

Basi lilikuwa linajikwaa vilevile.

Hapo nilivunjika. Nisikufiche. Maana mwanzo ilikuwa na sababu, ina joto. Sasa ni baridi kabisa, ni safi, haina kirusi, na bado haiendi. Nikasema labda yule kijana alisema kweli. Labda imechoka. Labda mashine nazo zinafuata wenyewe. Baba yako mdogo akapita njiani, akachungulia dirishani, "Vipi hapo, basi limevuka Kaengesa?" Nikamjibu limesimama abiria wanakunywa chai. Akaondoka anacheka. Mimi nikaingia chumbani nikauma mto.

Lakini asubuhi niliamka nikajiambia, Leonsia, mtu anayeumwa umempima malaria hana, umempima tumbo hana, humziki. Unampima kingine. Nikamwambia Skola mpigie Shabani. Skola akasita, "Anakuja kesho, mama, tumwambie mashine yenyewe mbovu?" Nikamwambia mpigie, aibu yako nitaibeba mimi.

Akapokea yuko ufukweni, upepo unavuma kwenye simu, watu wanapigiana kelele za kushusha mizigo. "Shikamoo mama." Marahaba baba, za huko. "Huku salama, samaki wamejaa, migebuka tu, kesho nakuja nayo." Skola akamweleza yote, virusi, joto, kitambaa, unga. Yeye anaitikia tu, ehe, ehe. Mwisho akamwambia, "Dada, kama haina joto na bado inajivuta, kuna mtu kaishika breki. Nenda kwenye setingi za umeme. Angalia prosesa imeruhusiwa kufika asilimia ngapi." Skola akabonyeza, akabonyeza tena, akasoma kwa sauti, "Hamsini."

Kwenye simu ukabaki upepo tu. Nikadhani salio limekwisha. Nikaita, "Baba, upo?"

"Nipo, mama," akasema. "Nimekumbuka. Ni Melki aliiweka hapo. Nilisahau kabisa."

Akatusimulia. Ile baridi kali, nilipougua kifua, ulinichukua hapa Izia ukanipeleka kulala kwako Milanzi, mlemle chumbani kwa kompyuta, niwe karibu na hospitali. Kitanda ukanipa mimi, wewe ukalala kwenye mkeka chini ya meza. Nakumbuka ile feni ilivyokuwa inanguruma, mpaka nikakwambia hiyo mashine inakoroma kuliko marehemu baba yako. Kisha siku moja ikanyamaza. Nikakuuliza umeifanya nini, ukanijibu, "Nimeiambia mama amelala." Nikajua ni utani wako. Kumbe uliibana prosesa nusu, isipate moto, feni isipige kelele. Shabani anasema kuanzia hapo akawa anakufunga kila safari. Anafika Mbeya, anaegesha, anakungoja, wewe uko nyuma unajikwaa milimani. Anakucheka, anakuita dereva wa trekta. "Namwambia mshikaji, toa hiyo setingi, unaaibika. Ananiambia, acha tu, mama yupo. Akirudi Izia nitairudisha."

Sikuwahi kurudi Izia, Melki. Nilikuwa bado kwako siku ile ulipopakia vifaa vyako ukaenda kumtengenezea mtu kompyuta barabara ya Matai, na ile pikipiki haikukurudisha.

Basi.

Shabani akasema taratibu, "Dada, weka mia. Itatembea." Skola akaweka mkono kwenye mausi. Nikasema, subiri. Nikatoka nje.

Nilikaa nyuma ya nyumba kwenye gogo la kupasulia kuni. Nilikuwa najiambia, isiguswe. Kila mtu ana picha yako, mimi nina hii. Kila dakika hiyo mashine inapojivuta, ni wewe unaniambia mama lala. Nikiitoa, nimekitoa kitu cha mwisho ulichonifanyia kwa mkono wako. Heri iende Mbeya nzima, ikiwa hivyo ilivyo. Nilisema hivyo kweli. Mama anaweza kusema neno la kijinga akiwa peke yake na kuku.

Halafu nikawaza, wewe mwenyewe ungesema nini. Uliiweka kwa sababu nilikuwa mgonjwa. Sasa mimi si mgonjwa. Dawa mtu akipona, anaendelea kunywa? Na huyo mtoto ndani amekaa mbele ya kioo, kesho baba yake mdogo anakuja na kamba ya kufungia, na mimi niko hapa nje nakumbatia asilimia hamsini. Nikainuka. Nikanawa uso.

Nikamwambia Skola, sogea. Nionyeshe pa kubonyeza. Akanionyesha. Nikaifuta mimi mwenyewe ile hamsini yako, kwa kidole changu hiki chenye ufa wa jembe. Nikaandika moja, sifuri, sifuri. Hesabu hiyo naiweza. Nikabonyeza palipoandikwa sawa.

Skola akafungua gemu, simu ya Shabani bado iko hewani. Feni ikaanza kupanda. Ikapanda, ikanguruma nyumba nzima, na Shabani kule ufukweni akaisikia kwenye simu, akapiga kelele, "Hiyo! Hiyo ndiyo yenyewe, mama! Naisikia huku!" Skola alikuwa analia na anaendesha. Basi likapita mjini kama maji. Mimi sikulia, Melki. Nilisimama nyuma ya kiti chake nikaangalia barabara mpaka macho yakauma. Nikamwambia Shabani, kesho ukija usilete utani wa trekta hapa.

Akaja. Amepanda kutoka Kipili na mfuko wa migebuka ya kukaushwa inanukia mpaka kwa jirani. Mrefu kuliko nilivyodhani, na mwenye haya. Aliposhika mkono wangu akashindwa kusema pole, akasema tu "mama, mama," nikamwambia yatosha baba, ingia. Nilikuwa nimemwachia jogoo amchinje mwenyewe ili ale kwa amani. Akakaa kwenye kiti chako. Akakaa muda kabla hajagusa kitu. Kisha akaendesha safari yake, kutoka Sumbawanga mpaka Mbeya. Alipoegesha akasema, "Leo nimemngoja stendi, hakuja." Akampisha Skola.

Baba yako mdogo alikuwa amefika katikati ya safari hiyo. Amekaa kwenye kochi, kofia magotini, kamba yake na gunia miguuni. Skola akaondoka na basi, linateleza, na Shabani sasa amefunguka, anamchokoza, "Dereva, abiria wa nyuma wanatapika! Dereva, kuna mama ameacha kuku wake kule Laela!" Mimi nacheka, Skola anasema acheni kelele nakosea. Wakafika kwenye mteremko. Baba yako mdogo akainuka nusu. "We mtoto, huo mlima unaushukaje na gia hiyo? Utaua watu! Punguza, punguza, acha breki, tumia injini!" Skola akamwambia, "Njoo wewe basi, baba mdogo." Akasema hawezi kuchezea vitu vya watoto. Akaambiwa tena. Akavua koti.

Mwanangu, aligonga uzio. Akagonga kibao. Akasema usukani huu si wa kweli. Akarudi nyuma akamgonga mtu mwenye toroli, akasema, "Toka barabarani mjinga wewe!" kwa sauti ya malori yale. Shabani alikuwa chini sakafuni ameshika mbavu. Mimi nilicheka mpaka nikakohoa, na wote wakageuka kuniangalia kwa hofu, nikawaambia siyo kifua, ni kicheko, endeleeni. Ni mara ya kwanza tangu tukuzike nyumba hii nzima imecheka. Ndiyo maana nikaimba jioni, nikiosha vyombo, sikujua naimba mpaka Skola akaja kusimama mlangoni.

Baba yako mdogo alipoinuka kwenye kile kiti alikuwa amelowa jasho. Akavaa koti, akachukua gunia na kamba yake. Akasimama mbele yangu. "Shemeji, neno langu ni neno. Ibaki." Akafika mlangoni, akageuka. "Lakini msije mkairudisha kwenye ule ukuta wa mashine ya unga. Kaeni upande wa pili. Nitakuja kutoboa dirisha mwenyewe." Na mimi nadhani hilo dirisha anataka kulitoboa ili apate sababu ya kuja kugonga watu wa toroli.

Kwa hiyo hivyo ndivyo ilivyo, mwanangu. Kesho asubuhi tunaibeba kuirudisha Milanzi. Skola ameshaosha ufunguo wa kufuli kwa mafuta, maana ulikuwa umeshika kutu. Ataanza na gemu jioni na kuchapa barua mchana. Mimi nitashuka naye siku za mwanzo, nikae pale nje nauza mahindi ya kuchoma, wale vijana wakileta ujuvi wanione.

Na mimi nakuahidi hivi. Kila mwezi ukiisha tutaifungua ubavu, tupige burashi, na maji sitaleta. Ikikwama tutapima kimoja kimoja hata iwe mara mia. Skola hatakosa pa kukaa nikiwa hai. Na kompyuta yako, Melki, haitakwenda Mbeya, isipokuwa kwa basi la kwenye kioo.

Sitakuandikia kila mara, kazi ni nyingi na mkono unauma. Msalimie baba yako. Pumzika sasa, baba, na usitusikilizie sana, tutapiga kelele.

Mimi mama yako,
Leonsia